Mnazi wa Babu na Friza la Shangazi

Friza la Shangazi lilianza kuzimika alfajiri mnamo mwezi wa tano, muda mfupi baada ya mke wa binamu yangu kuhamia pale nyumbani, na mambo hayo mawili yakafungwa fundo moja kabla hata samaki walioharibika hawajafukiwa.

Nyumba iko kusini ya mto Pangani, katikati ya minazi, mahali ambapo nguzo za umeme zilikuwa bado hazijafika. Desemba iliyotangulia wanandugu tulichanga, Shangazi akaongezea akiba yake ya nazi, zikanunuliwa paneli mbili za sola za wati 150 kila moja, betri mbili za ampea-saa 100, kontrola, na friza la volti 12 lenye mfuniko wa juu. Lengo lilikuwa samaki. Mashua hurudi asubuhi, na mvuvi asiye na barafu huuza changu wake kwa bei yoyote anayotajiwa, kwa sababu jua likishapanda hasara ni ya kwake. Mwenye friza hununua asubuhi hiyo hiyo, akangoja wachuuzi wa jioni au wa kesho yake, akauza kwa bei anayoitaka yeye. Kuanzia Januari mpaka Aprili Shangazi aliishi hivyo. Aligandisha maji kwenye makopo, akawakopesha wavuvi barafu, akaezeka upya jiko lake.

Ikaja Mei. Usiku friza lilinguruma vizuri, lakini kabla ya adhana ya alfajiri kontrola ilikata, kitaa chake chekundu kikawaka, na nyumba ikawa kimya. Asubuhi mfuniko ulipoinuliwa, ilitoka harufu kwanza.

Shangazi si mtu mbaya, nami nampenda sana. Ila hasara ilikuwa inamtoka mfukoni, na mtu anayepata hasara asiyoielewa hutafuta wa kumlaumu. Kwanza ilisemwa kwamba wifi, yule mke wa binamu yangu, anafungua friza ovyo kutafuta maji ya baridi. Hewa ya baridi ni nzito kuliko ya moto, hivyo katika friza linalofunguliwa kwa juu hukaa chini pale pale ilipo; kuinua mfuniko kidogo kunywa maji hakuwezi kuozesha ndoo ya samaki. Kisha ikasemwa anachaji simu usiku. Simu ikijazwa kutoka sifuri hula wati-saa 15 hivi, na friza lile kwa siku linakula zaidi ya 800. Hesabu hizo zingetosha kuiua kesi siku ile ile, lakini hakuna aliyezipiga. Likaja neno la tatu, lile lisilo na hesabu: kwamba binti ana nuksi, kwamba mguu wake ni mzito, kwamba nyumba ilikuwa na baraka mpaka alipovuka kizingiti. Hilo lilisemwa kwa sauti ya chini jikoni, na yeye alikuwa uani anafua, anasikia.

Akaitwa fundi. Alifika alasiri, akapanda juu ya bati, akachomoa nyaya za paneli, akagusisha multimita. Volti 19 na ushee. Akashuka akasema, "Paneli nzima. Betri nazo zina umri mdogo. Hapa tatizo ni matumizi." Akalipwa, akaondoka. Neno lile la mwisho lilikuwa hukumu. Kuanzia siku hiyo wifi alikatazwa kuligusa friza, na ikaanza kuzungumzwa kwamba pengine akapumzike kwao kwa muda. Binamu yangu alikuwa kazini Tanga, hana habari. Mimi nilikuwa pale, na sijawahi kuona nambari ikitumiwa vibaya kiasi kile: volti 19 zilikuwa za kweli kabisa, na zilikuwa hazijibu swali lililoulizwa.

Nikampigia simu mdogo wangu, aliyesomea umeme katika chuo cha ufundi. Akaja na begi la nguo na multimita yake ndani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na ile mashine yako?"

"Nimekuja nayo, Shangazi. Ila kupima ni kesho, jua likiwepo. Leo naomba lile boksi la paneli, kama hujalitupa."

Shangazi hatupi boksi. Lilikuwa chini ya kitanda, limejaa khanga. Ubavuni lilikuwa na nakala ya lebo iliyo nyuma ya paneli, na mdogo wangu akaisoma kwa taa, mstari kwa mstari: nguvu ya juu wati 150, volti bila mzigo 22.0; mkondo wa shoti ampea 8.80, volti kwenye nguvu ya juu 18.2, na mkondo wake ampea 8.24. Chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo wauzaji hawazisomi, masharti: mwanga wa wati 1000 kwa mita ya mraba, joto la seli nyuzi 25, na mwanga uliopita katika unene wa angahewa mara moja na nusu.

Ba'mdogo, ambaye tangu mwanzo alikuwa anaamini kwamba muuzaji katuibia, akasogeza kiti. "Hebu nieleze, mwanangu. Hiyo paneli ina karibu mita moja ya mraba. Jua linamwaga wati 1000 hapo. Wewe unanipa 150. Hizo 850 zimeliwa na nani?"

Aliuliza kwa hasira, lakini ndilo swali lililowashughulisha wanafizikia kwa zaidi ya karne. Mwaka 1839, kijana Mfaransa wa miaka 19, Edmond Becquerel, akifanya kazi katika maabara ya baba yake, aliona kwamba mwanga ukiangukia vipande vya madini vilivyochovywa kwenye kimiminika unazaa umeme. Mwaka 1883, New York, Charles Fritts alitengeneza seli za seleniamu zilizofunikwa dhahabu nyembamba, nazo zilibadilisha kama asilimia 1 tu ya mwanga kuwa umeme. Ilibidi kungoja mpaka Aprili 1954, pale Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson wa maabara za Bell kule New Jersey walipoonyesha hadharani seli ya silikoni yenye ufanisi wa asilimia 6. Miaka minne baadaye seli za namna hiyo zilikuwa angani, zinaiendesha redio ya setilaiti Vanguard 1. Paneli ya Shangazi, yenye asilimia 15, ni mjukuu wa seli zile, na haina kitu cha ajabu ndani yake wala cha kuibia mtu.

Mdogo wangu alimweleza Ba'mdogo hivi, naye alisikiliza mpaka mwisho. Atomu ya silikoni ina elektroni nne za nje, na zote zimeshikana na jirani zake, hakuna ya kutembea. Kiwandani, upande mmoja wa kipande hupewa fosforasi kidogo sana, yenye elektroni tano: moja inabaki haina wa kushikana naye. Upande wa pili hupewa boroni, yenye tatu: panabaki nafasi tupu. Pande hizo zikikutana, elektroni za ziada zilizo karibu na mpaka huvuka kwenda kujaza nafasi, na kwa kuvuka kwake huacha chaji nyuma, chanya huku na hasi kule. Chaji hizo ndizo zinazojenga uga wa umeme pale mpakani, uga usioisha wala kuhitaji kuchajiwa. Sasa mwanga ukiingia, chembe yake moja yenye nguvu ya kutosha hung'oa elektroni moja kwenye kifungo chake. Uga wa mpakani unaisukuma elektroni upande huu na nafasi iliyoachwa upande ule, na mtu akiunganisha waya nje, elektroni inazunguka kupitia friza ili irudi nyumbani kwake. Ile mistari myembamba ya fedha usoni mwa paneli ndiyo inayozikusanya.

"Na hizo 850?"

"Ba'mdogo, mwanga una rangi nyingi, na kila rangi ina nguvu yake. Ile miale usiyoiona, iliyo mbali kupita nyekundu, chembe zake hazina nguvu ya kung'oa elektroni ya silikoni. Hizo zinapita bure au zinaishia kuwa joto. Buluu ina nguvu kupita kiasi: inang'oa elektroni moja ile ile, kisha kilichobaki kinakuwa joto. Silikoni haiwezi kukurudishia chenji."

William Shockley na Hans Queisser walilipigia hesabu jambo hilo mwaka 1961, wakaonyesha kwamba seli ya aina moja ya kawaida, chini ya jua letu hili, haiwezi kuvuka asilimia 33 hivi hata ikitengenezwa bila kasoro yoyote. Nguvu nyingine hupotea kwa mwanga kurudishwa na kioo, kwa elektroni kurudi kwenye nafasi kabla ya kufika kwenye waya, kwa ukinzani wa mistari yenyewe. Ba'mdogo alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba muuzaji basi amemwibia kwingine. Alikuwa mgumu kuacha.

Lile sharti la nyuzi 25 ndilo ningependa kila mnunuzi wa sola alijue. Paneli ikitoka kiwandani huwekwa chini ya taa maalumu inayoiga jua, taa ikamulika kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Ndani ya mmuliko huo mashine huipitisha paneli kwenye mizigo yote, kutoka shoti, ambapo mkondo ni mkubwa na volti sifuri, mpaka wazi kabisa, ambapo volti ni kubwa na mkondo sifuri. Inachora mchirizi wa mkondo dhidi ya volti, na mahali ambapo mkondo mara volti inakuwa kubwa kuliko pengine pote ndipo lebo inapopata wati zake. Kwa paneli ya Shangazi, ampea 8.24 mara volti 18.2. Ukizidisha volti ya wazi na mkondo wa shoti unapata 193.6, ambazo hakuna paneli inayozitoa. Wati 150 ni asilimia 77 ya hizo, na uwiano huo unamwambia fundi umbo la mchirizi lilivyo, yaani seli ni nzuri kiasi gani. Lakini taa ilimulika kwa muda mfupi mno, seli haikupata nafasi ya kupata moto. Juu ya bati la Pangani saa sita mchana seli inafika nyuzi 60 na zaidi bila taabu, na kila nyuzi moja inayozidi 25 inaipunguzia silikoni ya namna hii nguvu yake kwa karibu asilimia 0.4. Nyuzi 40 za ziada ni asilimia 16. Wati 150 zinakuwa 126, na hakuna aliyeiba.

Asubuhi yake tulipanda ngazi. Mdogo wangu alikuwa na utaratibu: kabla ya kuchomoa waya wowote aliifunika paneli kwa khanga nzito mbili, kwa sababu umeme wa paneli hauna swichi, na waya wa mkondo mnyoofu ukichomolewa ukiwa na mzigo hutoa cheche inayounguza kiungo. Alipima paneli moja moja, kwani multimita yake haivumilii zaidi ya ampea 10. Wifi alishika daftari. Nilimwomba mimi, nikitaka awepo.

Saa mbili asubuhi, jua bado la upande: volti ya wazi 20.3, shoti ampea 3.1. Saa sita: volti ya wazi imeshuka mpaka 19.4, shoti imepanda mpaka 7.7. Ba'mdogo aliyekuwa chini ya ngazi akadai paneli inaharibika mbele ya macho yetu, maana jua limekuwa kali na volti zimepungua. Si hivyo. Mkondo unafuata mwanga karibu sawa kwa sawa. Mwanga ukiongezeka mara mbili, na ampea mara mbili. Volti haiufuati mwanga hivyo. Inafika karibu na kilele chake hata kwenye mwanga hafifu wa asubuhi, kisha joto linaila polepole. Ndiyo maana fundi anayepima volti peke yake hawezi kujua kama paneli inafanya kazi ya siku au imelala. Yule wa kwanza angepata volti zake hata siku ya mawingu mazito.

Kisha akairudisha paneli kwenye kontrola, akaingiza multimita katikati ya waya, akasoma mkondo unaoingia betri kwa kweli. Saa sita: ampea 7.5 kutoka kila paneli. Kontrola yetu ni ya bei nafuu, ile inayoiburuta paneli mpaka kwenye volti ya betri, volti 13 hivi. Ampea 15 za paneli mbili mara volti 13 ni wati 195. Lebo mbili zinasema 300. Sehemu ya pengo ni lile joto, na sehemu nyingine ni hiyo kontrola, ambayo volti zote za juu ya 13 inaziacha zipotee. Kontrola ghali zaidi hutafuta kilele cha mchirizi na kubadilisha volti za ziada kuwa ampea. Lakini wati 195 za mchana kweupe zilikuwa zimetosha tangu Januari. Kwa jua la pwani yetu, linalolingana na saa 5 hivi za mwanga kamili kwa siku, zilitosha friza kwa shida, bila ya baki.

Saa tisa alasiri ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Volti ya wazi: 19.2. Shoti: ampea 5.0, sawa kabisa na jua la saa ile. Vipimo viwili, vyote vizuri. Akaunganisha kwenye kontrola, akaangalia mkondo wa kuingia betri. Ampea 0.9.

Alirudia. Akasafisha viungo, akakaza skrubu za kontrola, akabadilisha paneli. Ya pili nayo: wazi nzuri, shoti nzuri, ikipewa betri inagoma. Mdogo wangu huwa anaimba akifanya kazi. Alikuwa ameacha kuimba. Upepo wa kusi ukavuma, na nambari kwenye kioo cha multimita ikaruka: 0.9, 4.8, 3.2, 0.9. Ikatulia. Upepo ukaja tena, 4.7. Wifi, ambaye alikuwa anaandika, aliacha kuangalia multimita akaangalia paneli yenyewe. Juu yake palikuwa na mstari wa kivuli, mwembamba, usiozidi upana wa viganja viwili, unatembea mbele na nyuma. Akageuka kaskazini-magharibi. Kuti la mnazi.

"Upepo ukilisogeza, nambari inapanda," akasema.

Kivuli kile kilifunika sehemu ndogo sana ya paneli, na mtu yeyote mwenye akili timamu angedhani kimeondoa sehemu ndogo ya umeme. Hapa ndipo sola inapomdanganya mtu. Paneli ya volti 12 ni seli 36, kila moja ikitoa volti 0.6 hivi, zilizoungwa kwa mfuatano. Ni watu waliopanga mstari kutoka kisimani wakipokezana ndoo: mmoja akisinzia, mstari mzima unakwenda kwa mwendo wake. Seli iliyo kivulini inapata mwanga wa kuakisiwa na anga tu, inapitisha mkondo mdogo, na wenzake wote wanalazimika kupitisha huo huo. Tena, wakimsukuma kwa nguvu, seli hiyo badala ya kuzalisha inakula, inapata moto, na inaweza kuungua. Kwa sababu hiyo watengenezaji huweka diodi kwenye kile kijisanduku cheusi cha nyuma, moja kwa kila seli 18. Kundi likiwa na seli iliyokwama, diodi hufungua njia ya mkato, mkondo unapita pembeni ya kundi zima. Seli imeokolewa, lakini nusu ya paneli imetolewa kazini. Zinabaki seli 18, zenye volti 9 hivi. Betri ina volti 12 na zaidi. Volti 9 haziingizi kitu humo. Kinachoingia ni kile kidogo tu ambacho seli ya kivulini yenyewe inakipitisha.

Na vipimo viwili vya mwanzo? Hapo ndipo mdogo wangu alipoanza kuimba tena, maana kila kitu kilikaa mahali pake. Ukipima volti bila mzigo, hakuna mkondo unaopita, hivyo seli iliyo kivulini haimzuii mtu, nayo mwanga wa anga unatosha kuipa karibu volti yake kamili. Ukipima shoti, paneli haidaiwi volti yoyote, na nusu iliyo juani inasukuma ampea zake zote kupitia njia ya mkato ya diodi. Ncha zote mbili za mchirizi zinasomeka salama. Kilichobomoka ni katikati, pale pale ambapo betri inafanyia kazi, na huko haufiki bila kuweka mzigo.

Lilibaki swali la Shangazi, ambaye alikuwa amesimama chini akisikiliza muda wote: mnazi ule ulipandwa na Babu, uko pale tangu yeye ni mtoto, kwa nini Januari haukuzuia kitu?

Wifi ndiye aliyejibu. Alizungumza taratibu, akimtazama Shangazi. "Mama, ile Januari nilipokuja kutambulishwa, alasiri tulikaa hapa uani. Jua lilitutoa, tukahamisha mkeka. Siku hizi saa ile ile hapa pana kivuli, nguo zangu hazikauki."

Pangani iko zaidi kidogo ya nyuzi 5 kusini ya ikweta. Desemba na Januari jua la mchana liko kusini yetu, na alasiri linashukia kusini-magharibi. Kufikia Mei limeshavuka kwenda kaskazini, na mwezi wa sita saa sita linakuwa karibu nyuzi 29 kaskazini ya utosi. Alasiri linapita nyuma ya mnazi wa Babu, na baada yake nyuma ya shamba zima. Tulikuwa tunapoteza umeme kuanzia saa nane kasorobo hadi magharibi, karibu robo ya siku nzima, kwenye mfumo usio na baki. Kila jioni betri ziliingia usiku na deni, deni likalimbikizwa siku kwa siku, na kontrola, ambayo kazi yake ni kuzilinda betri za maji zisishuke mno, ikakata alfajiri kama ilivyotengenezwa. Friza halikuwa na kosa. Kontrola haikuwa na kosa. Na binti wa watu alikuwa amekuja nyumba hii Januari, akanywa maji ya baridi kutoka friza lile lile, likanguruma.

Shangazi alikwenda ndani. Alipotoka alimwita wifi mbele yetu sote, Ba'mdogo akiwepo, akamwomba radhi kwa maneno kamili: alichosema, wapi alikisema, na kwamba hakikuwa kweli. Nimewahi kuona watu wazima wakitengeneza mambo kwa kumtuma mtu au kwa kupika pilau. Yeye alisema kwa kinywa chake. Wifi alilia, akasema yamekwisha.

Kuhusu mnazi palikuwa na mabishano mafupi. Ba'mdogo alikuwa tayari na shoka, Shangazi hakutaka kusikia, na mdogo wangu alisema hata ukikatwa, iko mingine kumi nyuma yake. Kuunga paneli mbili kwa mfuatano na kununua kontrola ya bei kubwa kungesaidia, kwa kuwa volti zingebaki juu ya zile za betri hata nusu moja ikitoka, lakini fedha haikuwepo. Tukaamua kuzihamishia upande wa mashariki, juu ya banda la mbuzi, mahali palipo wazi mpaka jioni. Tuliziinamisha kiasi cha nyuzi 10 kuelekea kaskazini, mvua iweze kuzisafisha, tukaziinua juu ya bati kwa vipande vya mbao ili upepo upite chini. Ba'mdogo alitoa waya aliokuwa nao stoo, wa milimita 2.5 za mraba. Kutoka banda mpaka kwenye betri ni mita 14, kwenda na kurudi 28; kwa ampea 15 waya ule ungekula karibu volti 3 peke yake. Ulinunuliwa wa milimita 10, na ndio uliokuwa ghali kuliko kitu kingine chochote katika kazi ile. Naamini waya ndicho kitu ambacho nyumba nyingi zenye sola zinakibania, na hakistahili kubaniwa.

Saa tisa alasiri ya siku ya kwanza kila paneli ilikuwa inaingiza ampea 4.8 bila kuyumba. Betri moja kati ya mbili haikurudi vizuri. Ilikuwa imekaa miezi bila kujazwa hadi juu, na betri za risasi zikikaa hivyo sahani zake hujenga ukoko usiotoka. Inafanya kazi kwa kiasi, itabadilishwa. Friza linakesha.

Daftari alibaki nalo wifi. Anaandika saa sita na saa tisa, volti za betri na ampea za kila paneli, na ameanza kuandika pia idadi ya makopo ya barafu, akitaka kujua siku ya mawingu agandishe mangapi bila kuvunja deni. Shangazi alitoa fedha ya samaki anunuliwe multimita yake mwenyewe. Mdogo wangu, kabla ya kuvuka mto, alimwachia ile ya kwake kwa muda na kumwonyesha mara nyingine kwamba ukimaliza kupima ampea, waya mwekundu unautoa kwenye tundu la ampea na kuurudisha kwenye la volti hapo hapo, kwa sababu ukiusahau na kugusisha betri, umepiga shoti kwa mkono wako.